Mwaka Aliokataa Kipaimara

Sifa zote ni za Mungu, aliyeniamsha asubuhi hii pia katika baridi ya milima ya Kilolo na kunipa mkono usiotetemeka sana kushika kalamu. Ninamshukuru kwa umri, kwa meno yaliyobaki, na kwa kanisa lililo karibu kiasi cha kufikika kwa miguu. Ninamshukuru hata kwa watu wasionisalimia. Wapo, nao wanaijua sababu. Leo nitaieleza, ili wale wasioijua waache kubuni.

Nimefundisha watoto wa kipaimara katika usharika wetu tangu nilipostaafu ualimu wa shule ya msingi. Kwetu Walutheri, mtoto aliyebatizwa akiwa mchanga hufundishwa mpaka afike umri wa kujieleza, kisha husimama mbele ya kanisa na kuithibitisha imani ile kwa mdomo wake mwenyewe. Mchungaji humwekea mikono kichwani. Kuanzia siku hiyo anaruhusiwa kukaribia Meza ya Bwana, na tunasema amekomaa. Ni siku nzuri. Kuku huchinjwa, gauni jeupe hushonwa, na watoto hupita njia nzima wakiinua pindo lisiguse tope.

Lakini vijijini kwetu kipaimara kina kazi ya pili ambayo hakuna mchungaji aliyeihubiri. Mtoto wa kike akishakipata, ndugu wa mjini huja kumchukua. Nchi nzima inajua kwamba ukitaka dada wa kazi mpole, mchapakazi, asiyejibu, unaagiza Iringa. Wanalisema hilo mbele yetu, kama wanavyosema viazi vizuri ni vya Uyole. Na sisi tunacheka, tunaona tumesifiwa.

Na wazazi wetu ni wacha Mungu, msiwaseme vibaya. Hawamtoi mtoto kabla ya kipaimara, kamwe. Wanangoja Jumapili awekewe mikono, ndipo Jumatatu wampandishe basi.

Mwaka ninaousimulia, darasani kwangu alikuwamo binti mmoja jirani yangu. Mama yake alifariki. Baba yake alikwenda Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, akaacha hata kupiga simu. Binti alibaki na babu yake, mgema wa ulanzi, ile pombe ya mwanzi tunayokunywa huku kwetu mvua zikianza. Tangu bibi yake azikwe, yeye ndiye aliyepika, aliyefua, aliyelima bustani, aliyemkanda babu mgongo. Shuleni alikuwa wa kwanza au wa pili. Wanawake waliopita njiani walisimama kumtazama akitwanga.

"Huyu si mtoto tena," walisema. "Huyu ni mtu mzima kabisa."

Nililichukia neno hilo. Lilisemwa kwa sauti ile ile ya mnunuzi anayebonyeza parachichi.

Babu yake alikuwa na sheria moja aliyoirudia mbele za watu tangu watoto wake wakiwa wadogo: mtoto wa nyumba yake hatoki kwenda kuishi kwingine bila kipaimara. Alijivunia sheria hiyo kuliko shamba lake. Na binti alikuwa na shangazi, mtoto wa mzee huyo, mwenye kibanda cha mitumba Mwanjelwa, Mbeya. Shangazi alikuwa amejifungua mapacha. Nadhani mnaona gari linakoelekea.

Jumamosi moja mwezi wa kumi niliwauliza watoto darasani: mtu aliyekomaa ni mtu wa namna gani? Niliwakataza kunipa jibu la kukariri.

"Ni yule anayekaa kwenye kiti," alisema mmoja, na wenzake waliokaa mkekani wakacheka.

"Ni yule anayetukana na hachapwi."

"Ni yule anayekula kuku mapaja."

"Kula mapaja ni baba yako tu," mwingine akamjibu. "Kwetu ni mgeni."

"Ni yule asiyelia msibani."

"Mjomba wangu alilia."

"Alikuwa amelewa huyo."

Niliwaacha wamalize. Nimezeeka, najua mtoto akiachwa acheke, atasema pia lile ambalo hakukusudia kulisema. Binti alikuwa amekaa nyuma, akisuka ukili kwa vidole huku akinisikiliza, maana mikono yake haikujua kupumzika. Akainua kichwa.

"Bibi, ukishakomaa unaweza kukataa?"

"Kukataa nini?"

"Kitu. Ukiambiwa na wakubwa."

Wenzake wakageuka. Mvulana mmoja akasema, "Beki tatu huyo anaogopa safari," na darasa likalipuka, kwa sababu hilo ndilo jina la kejeli ambalo vijana wa mjini wanawaita madada wa kazi. Binti alinitazama mimi.

Nikawaambia kwamba mtoto mdogo hukubali kila kitu au hukataa kila kitu, kutegemea tumbo lake. Aliyekomaa hupima. Akikubali, anajua anachokubali, na akikataa, husema wazi, bila kudanganya na bila kutukana, kisha hukaa na yale yatakayomfuata. Nikawaambia kwamba ndiyo maana siku ya kipaimara mchungaji hawaulizi wazazi wao. Anawauliza wao.

"Na mtu akisema hapana?" akauliza binti.

"Mchungaji hamlazimishi mtu."

Akarudi kwenye ukili wake.

Wiki chache baadaye shangazi aliteremka kutoka Mbeya na begi kubwa, mapacha wawili, na gauni jeupe la lesi ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuja kunisalimia, kama ilivyo desturi, lakini hakuvua viatu mlangoni.

"Kamwene, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Mbeya?"

"Nzuri tu. Nasikia unamfundisha mtoto wetu. Umemfundisha vizuri, amekomaa mpaka raha. Nimefika jana, nimekuta ameshafua nepi zote bila kuambiwa."

"Amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza," nikasema. "Majina yametoka. Shule ya kata ni hapo chini tu."

"Hee! Na akimaliza shule ya kata awe nani? Akae na vyeti kama hawa wa hapa wanaokaa barabarani? Kwangu atakula vizuri, atavaa, atajifunza biashara."

"Atajifunza kufua nepi. Umesema tayari anajua."

Akanicheka usoni. "Mwalimu, wewe huna mjukuu wa kumsomesha? Mtafute wako."

Sikumjibu, maana jibu nililokuwa nalo halikufaa mdomo wa mtu aliyekuwa ametoka kusali. Nilikwenda kwa babu. Nilimkuta kwenye mianzi yake nyuma ya nyumba akikata vichwa. Asiyejua kazi hiyo aelewe: mgema huchagua mwanzi mchanga, akaukata kichwa kabla haujarefuka, akafunga kikombe hapo juu. Maji matamu hutiririka humo. Asubuhi na jioni anarudi kuukata tena kidogo ili jeraha lisifunge. Mwanzi huo hautakuwa nguzo wala pao. Utatoa maji mpaka uoze.

Nilidhani nimepata mfano wa kumshinda mzee yule.

"Unamgema mtoto," nilimwambia. "Unamkata kichwa kabla hajarefuka, kwa sababu maji yake ni matamu."

Aliendelea kukata. "Mwalimu, mwanzi hauli ugali."

"Yeye ndiye anayekupikia huo ugali."

"Na nani ananiletea mabati ya nyumba? Wewe? Kibati kimoja umewahi kuniletea? Binti yangu ameahidi mabati. Mama wa mtoto amekufa, baba kapotea, mimi mgongo huu unaouona. Wewe una pensheni na maneno."

"Sheria yako mwenyewe ilikuwa ya kumlinda mtoto."

"Na nimeilinda!" Akanielekezea kisu, si kwa kunitisha, ila ndivyo alivyokuwa amekishika. "Nimesema hatoki bila kipaimara, na hajatoka. Akishapata, amekomaa. Si ndivyo mnavyosema ninyi kanisani? Au mnasema tu?"

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira hata juu ya kanisa langu. Mzee yule alikuwa amelishika neno letu kwa mpini, nami nilikuwa nimelishika kwa makali. Nilipiga magoti. Sikuomba uvumilivu, maana ninao wa kutosha. Niliomba mtu aaibike.

Jumapili ya maswali ikafika. Katika usharika wetu watoto huulizwa mbele ya watu wote Jumapili moja kabla ya kuwekewa mikono, ili kanisa lijue wanakubali nini. Shangazi alikaa benchi la mbele, amefunga kilemba kipya, pacha mmoja mkononi na mwingine kwa jirani. Babu alikuwa amevaa koti lake la harusi. Nguo za watu zilinuka moshi na mvua.

Mchungaji wetu, kijana mpole aliyekuwa mgeni kwetu, aliuliza Amri Kumi, sala, maana ya ubatizo. Watoto walijibu. Mvulana aliyetoa kejeli ya beki tatu alichanganya amri mbili na mama yake akafunika uso kwa kanga. Binti aliulizwa amri ya kuwaheshimu wazazi, akaitoa pamoja na maelezo yake yote, kwa sauti iliyofika mlangoni. Watu wakaguna kwa kumsifu. Shangazi akageuka nyuma kuwaonyesha watu kwamba huyo ni wake.

Kisha likaja swali la mwisho, ambalo kila mtoto hujibu "ndiyo" na mchungaji hupita: je, wewe mwenyewe, kwa hiari yako, uko tayari kuithibitisha imani hii Jumapili ijayo?

Wa kwanza akasema ndiyo. Wa pili ndiyo. Ikafika zamu ya binti.

"Sijawa tayari, mchungaji."

Mchungaji alikuwa ameshamtazama aliyefuata. Akarudi.

"Umesemaje?"

"Sijawa tayari. Sijakomaa."

Kuna mtu alicheka nyuma, kisha wengi wakacheka. Binti alisimama vile vile, mikono imefungwa mbele, shingo imekakamaa kama ya mtu aliyetwikwa ndoo. Shangazi akainuka.

"Anafanya makusudi! Mchungaji, mtoto huyu anajua kila kitu. Muulize mwalimu wake. Huyo pale, muulize!"

Mchungaji akanigeukia. "Mwalimu, masomo anayajua?"

Nikasimama. Kanisa zima lilinitazama, na babu kuliko wote. Kwa jinsi nilivyompenda mtoto yule, ulimi ulinivuta kusema kwamba bado ni mdogo, bado hajaelewa. Lakini ningewezaje kumwibia ukweli aliosimama nao peke yake?

"Anayajua yote," nikasema. "Hakuna anayeyajua zaidi yake humu. Lakini hukumuuliza kama anajua. Umemuuliza kama yuko tayari, naye amekujibu."

"Wachawi ninyi wawili!" shangazi akasema, akisahau yuko wapi. Mtoto mmoja akaanza kulia.

Mchungaji alisubiri kelele zitulie. Akasema asiyetaka hawezi kuwekewa mikono, na kwamba binti atarudi darasani mwaka ujao. Akapita kwa anayefuata, na yule mtoto, maskini, akasema ndiyo kwa sauti iliyopasuka.

Nje ya kanisa, kwenye matope, walimzunguka.

"Unajua gauni lile nimelitafuta wapi?" shangazi alimpigia kelele. "Unajua nimeacha biashara yangu na nani? Mama yako angekuwa hai angekufa tena!"

"Nisamehe, shangazi, kwa gauni," binti alisema.

"Kwa gauni tu?"

Shangazi akamgeukia mzee.

"Baba, twende nyumbani, nimfungie nguo zake," shangazi akasema. "Kesho tunaondoka. Kipaimara atapata Mbeya. Makanisa yako tele."

Ndipo mzee akazungumza kwa mara ya kwanza. Alikuwa na hasira na mtoto, ya kweli kabisa; mishipa ya shingo ilimsimama. Lakini watu wote wa usharika walikuwa wamesimama pale, wale wale waliomsikia akijisifu miaka nenda rudi.

"Hatoki," alisema.

"Baba!"

"Mtoto wa nyumba yangu hatoki bila kipaimara. Wewe ulilia hapa hapa ukitaka kwenda Mbeya na rafiki zako. Nilikungojesha?"

"Uliningojesha, lakini..."

"Basi na huyu atangoja." Akamgeukia binti. "Na usinisemeshe mpaka nikusemeshe."

Kiburi cha mzee ndicho kilichomwokoa. Ninamshukuru Mungu kwa kiburi kile, ingawa sikukipenda hapo kabla wala sikukipenda baadaye.

Shangazi aliondoka kesho yake na gauni lake, na habari za mabati zikaondoka naye. Kabla ya kupanda bodaboda alipita mlangoni kwangu. "Umemharibu mtoto wa watu," alisema. "Mungu atakuuliza." Nikamwambia ninasubiri kuulizwa. Januari binti akavaa sketi ya kidato cha kwanza, akawa anapita kwangu asubuhi na daftari zake ndani ya mfuko wa sukari. Babu alimwachia njia, hakumwachia salamu. Wanawake wale waliokuwa wakimsifu akitwanga sasa walisema ana kiburi, ana pepo, amefundishwa vibaya na yule bibi kizee. Kisimani walimpisha kwa makusudi, kama anayeambukiza. Neno "mtu mzima" likaisha midomoni mwao. Nililiona hilo na likanifundisha jambo: walikuwa wakimwita mtu mzima wakati alipokuwa akitii tu.

Mwaka uliofuata alirudi darasani kwangu na kukaa nyuma, pamoja na watoto wadogo kwake. Sikuwauliza tena swali la ukomavu. Binti aliwapa jibu mwenyewe. Mtoto mmoja alimuuliza kwa nini alifeli, naye akasema, "Sikufeli. Nilikataa."

"Kukataa si ni dhambi?"

"Kudanganya ndiyo dhambi."

Mvua zilipoanza, na Jumapili ya maswali ilipokaribia, simu za Mbeya zikaanza tena. Mapacha walikuwa wanatembea sasa, mikono ya kuwakimbiza ilihitajika. Sheria ya babu ingekwisha siku ile mtoto atakapowekewa mikono, na safari hii hakuna kiburi ambacho kingemzuia. Nilimuuliza binti njiani kama atakataa tena.

"Hapana, bibi. Mwaka huu niko tayari."

"Na shangazi?"

"Mwaka jana nilijificha nyuma ya mchungaji," alisema. "Mwaka huu nitamwambia mwenyewe."

Akaniomba nimsindikize, nisiseme neno. Tulimkuta babu uwanjani akinoa kisu chake cha ulanzi. Binti akapiga magoti kama tunavyopiga kwa wakubwa, akaomba simu, akaweka sauti ya nje ili babu naye asikie.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, mama! Umejiandaa? Nimeshakuandalia godoro."

"Asante, shangazi. Nimekupigia kukuambia siji."

Watoto walisikika wakilia upande wa pili.

"Nani amekufundisha kusema hivyo? Yuko hapo huyo bibi?"

"Yupo. Hajasema kitu. Ninasema mimi. Likizo nitakuja kuwalea mapacha, nikirudi nirudi shule. Kuhama siji."

"Mtoto wewe huna adabu! Umekulia kwenye nyumba inayovuja, mabati ungeyapata kwa mkono wako! Babu yako analala kwenye maji kwa ajili yako!"

Sauti ya binti ikapungua, lakini haikukatika. "Ninajua analala kwenye maji. Ninalala humo humo. Likizo nitakuja, shangazi. Kuhama siji."

"Mpe baba simu!"

Binti akainyoosha simu kwa mikono miwili. Mzee aliitazama. Sauti ya shangazi ilikuwa ikitoka humo, ikimtaja mama wa mtoto, ikinitaja mimi, ikimtaja Mungu. Akaichukua, akabonyeza, na uwanja ukanyamaza. Hakumwambia mjukuu wake neno lolote. Alirudi kunoa kisu. Kwangu alisema, bila kuinua uso, "Umeridhika? Nenda nyumbani kwako."

Nikaenda. Jumapili binti alisema ndiyo, amevaa gauni la kuazima lililombana mabegani, na mzee alikuwa benchi la nyuma na koti lake. Mpaka leo hanisalimii. Binti yuko kidato cha pili, na likizo iliyopita alikwenda Mwanjelwa kama alivyoahidi, akarudi siku aliyosema atarudi.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe kinywa kinachosema ndiyo kwa moyo wote, na ujasiri wa kusema hapana ukiwa umepiga magoti. Na kama nyumbani kwako kuna mtoto unayemsifu kwamba amekomaa, Bwana akujalie kumuuliza yuko tayari kwa nini, na akupe masikio ya kungoja jibu lake. Amina.